Choo Kina Mtu

Kuna nchi inaitwa Yakini. Msiitafute kwenye ramani, na msinitazame hivyo, si hapa. Hapa kwenu kila kilichoahidiwa kimejengwa na kila kilichojengwa kinatumika, kwa hiyo hadithi hii haiwahusu. Nawasimulia tu ili mpate la kumshukuru Mungu.

Huko Yakini kitu hakiwi kitu kwa sababu mtu amekijenga. Hayo ni mawazo ya mafundi. Kitu huanza kuwepo pale utepe unapokatwa. Mkubwa anafika na msafara, analetewa mkasi juu ya sinia lililotandikwa kitambaa, anakata, ngoma zinalia, na tangu hapo kitu kipo. Daraja la kwetu lilikatiwa utepe mara mbili, yaani lipo mno. Tunavuka mto tukiwa tumepandisha nguo hadi kiunoni, na tukipishana katikati ya maji tunasalimiana. "Habari za darajani?" "Za darajani njema." Ni lazima, kwa sababu ukingoni kuna askari wa daraja, na huyo yupo kweli.

Mambo haya yote yako chini ya Wizara ya Kuwepo. Waziri ni Mheshimiwa Bandiho, mtu mzito, mpole wa sauti, anayependa kula. Mshauri wake ni Profesa Kilindo, aliyekaa ng'ambo akisoma elimu ya kuwepo na kutokuwepo mpaka akarudi hajui nyumbani kwao njia ipi. Mwaka wa ukame Profesa ndiye aliyethibitisha kwamba njaa haipo. Alieleza redioni kwamba njaa ni kukosekana kwa chakula, kukosekana si kitu, na serikali makini haiwezi kupambana na kisicho kitu. Watu walikufa. Profesa alikiri kwamba walikufa, naam, ila si kwa kitu.

Sasa, Shule ya Msingi Mapambazuko, anakosoma mwanangu Shufaa, ilipewa choo. Mkandarasi alikuja akachimba shimo refu nyuma ya madarasa, katika udongo wa mfinyanzi, akatandika mbao mbili juu yake za kupitia toroli, akaondoka kwenda kuchimba kwingine. Kesho yake Mheshimiwa akaja, akaweka jiwe la msingi, akakata utepe. Katika hotuba choo kilikuwa na vigae, maji ya bomba na vioo. Tulipiga makofi. Ilikuwa hotuba nzuri, ungeweza kuioga.

Tangu siku hiyo mtoto akikutwa anajisaidia vichakani alichapwa, kwa sababu kwenda kichakani wakati choo kipo ni kuitukana nchi. Basi watoto walikuwa wanachuchumaa juu ya zile mbao mbili. Mimi nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Kihedu, nikamwomba shimo lifunikwe.

"Shimo gani, Mama Shufaa?"

"Lile la nyuma."

"Nyuma kuna choo," alisema. Akainamisha kichwa. "Nina watoto watano, Mama Shufaa. Nyuma kuna choo."

Nilimwelewa. Nilimwelewa na nikamchukia, vyote kwa pamoja, nikarudi nyumbani.

*

Ulipotimia mwaka wa choo, Wizara ikaamua kiadhimishwe. Akina mama tuliitwa kupika. Asubuhi ile mimi na jirani yangu Bi Zamoyoni tulikuwa tumeinamia masufuria uwanjani, moshi machoni, wakati mtoto wa kike mmoja, anayekaa dawati moja na Shufaa, alipokuja akasimama mbele yangu.

"Una nini, mama?"

"Shufaa ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

Yule mtoto akageuka kumtazama mwalimu wa zamu, kisha akanitazama mimi. "Chooni," akasema. Akaanza kulia.

Nilikimbia. Nyuma ya madarasa nilikuta ubao mmoja tu, wa pili haupo, na sauti ya mwanangu inatoka chini ya ardhi. "Mama, mguu wangu umegeuka." Ana miaka minane. Hakuwa anapiga kelele. Alisema kama anavyoniambia kwamba daftari limejaa.

Sikufika ukingoni. Askari wa Wizara walikuwa wamekwisha kupangwa kuzunguka choo kwa ajili ya sherehe, na mkubwa wao akanizuia kwa kirungu kifuani.

"Huwezi kuingia, mama. Choo kina mtu."

"Ndiyo. Mwanangu."

"Basi subiri atoke. Watu wawili hawaingii choo kimoja. Ni suala la maadili."

"Afande, ameanguka shimoni. Mguu umevunjika."

"Sijaelewa neno ulilotumia hapo katikati," alisema. Bi Zamoyoni, ambaye hana subira, alijaribu kupita chini ya mkono wake. Walimpiga kirungu cha bega, na bega lile mpaka leo halinyanyui ndoo.

Mwalimu Kihedu alikuja mbio, jasho linamtoka. Akanivuta pembeni. "Mama Shufaa, nakuomba. Mheshimiwa yuko njiani. Mtoto hajaanguka. Yuko chooni, amekawia tu."

"Amekawia?"

"Watoto hukawia."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mlimani, meusi, mazito. Kila mtu wa kwetu anajua udongo ule ukinywa maji unafanya nini. Unalainika, unajimega kutoka pembeni na kuangukia katikati. Niliyatazama yale mawingu, nikamtazama Mwalimu, na nikaona kwamba na yeye anayatazama.

*

Profesa Kilindo alitangulia na gari la kwanza la msafara, pamoja na gari la zimamoto lenye ngazi, ambalo huko Yakini hufuatana na wakubwa ili kurusha maji ya rangi wakati wa kukata utepe. Nilipoiona ile ngazi nikamwendea Profesa. Nilipiga goti. Sipendi kupiga goti, nina magoti mabovu.

"Profesa, shikamoo. Mwanangu ameanguka shimoni. Naomba ngazi."

Alifurahi sana. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumletea swali huku vijijini. "Marahaba, mama. Simama. Swali lako ni zuri sana, na ni la zamani. Shimo ni nini?"

"Ni lile pale."

"Unaona nini pale? Udongo upande huu, udongo upande ule. Ondoa udongo wote, je, shimo litabaki? Halitabaki. Shimo ni pale ambapo udongo haupo. Sasa niambie, mama, mtoto anawezaje kuwa ndani ya kutokuwepo?"

"Profesa, nawezaje kutomjua mtoto wangu? Anaita."

"Sauti ipo, sikatai," alisema Profesa kwa upole. "Na isitoshe pale pana choo. Vitu viwili havikai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kama choo kipo, na kipo, shimo halipo. Nikikupa ngazi nitakuwa nimekubali shimo. Nikikubali shimo nitakuwa nimebomoa choo. Unanitaka nibomoe choo cha watoto?" Akanishika bega. "Haya mambo yanahitaji elimu kidogo."

"Ninayo stashahada."

"Ya nini?"

"Sayansi kimu."

"Ah," alisema. "Mapishi."

Nilirudi kwenye masufuria. Bi Zamoyoni alikuwa ameketi chini ameshika bega lake. "Wamesemaje?"

"Wamesema mapishi."

Alinitazama usoni, kisha akatazama lile pipa la juisi ya ukwaju tulilokuwa tumeandaa, na matikiti yaliyopangwa kivulini. Sisi wawili tumepika kwenye misiba na harusi nyingi pamoja. Hatuhitaji maneno mengi.

"Huyu Mheshimiwa," alisema, "nasikia hakatai."

"Hakatai."

"Basi asikose."

*

Mheshimiwa Bandiho aliketi katika kiti chenye mito. Nilimkaribisha mwenyewe, kwa kitambaa safi mkononi, nikitabasamu mpaka taya zikauma. Chai ya tangawizi, kikombe kikubwa. Ukwaju. Tikiti, kipande baada ya kipande. "Hili la shambani kwa Bi Zamoyoni, Mheshimiwa, utamkosea." Akala. "Ukwaju huu wazee wanasema unatia sauti, na wewe una hotuba." Akanywa. Kila nikiinama kumimina nilikuwa namsikia Shufaa nyuma ya madarasa, ananiita, halafu ananyamaza, halafu ananiita. Waandishi wa habari walimsikia. Mkuu wa wilaya alimsikia. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake aone kama kuna anayesikia.

Wakati mmoja Mheshimiwa mwenyewe aliinua kichwa. "Ni sauti gani hiyo?"

"Ni mtumiaji wa choo," alisema Profesa. "Ameridhika."

Mheshimiwa akasimama kuhutubia. "Ndugu wananchi, wapo wanaosema hatuna kitu. Nawauliza, kutokuwa na kitu ni kitu? Kama ni kitu, basi mnacho. Kama si kitu, mnalalamikia nini?" Makofi. "Choo hiki ni ushahidi. Choo hiki kipo kuliko mimi nilivyopo." Makofi marefu. Alipofika kwenye vigae nilianza kuona anabadilisha mguu. Alipofika kwenye maji ya bomba akafumbata mikono mbele. Hotuba ilikuwa na kurasa nyingi, akazifunua tatu kwa pamoja, akasema mengine tutayasikia siku nyingine, akamnong'oneza mkuu wa itifaki.

Mkuu wa itifaki akaanza kumwongoza kuelekea nyumbani kwa Mwalimu Kihedu, kwenye choo cha makuti.

Hapo ndipo niliposema, kwa sauti ya kuita watoto jioni, "Jamani, Mheshimiwa anapelekwa kwenye choo cha makuti, na leo ni sikukuu ya choo chake?"

Kamera zikageuka.

"Kile cha vigae kina kasoro gani?" aliuliza Bi Zamoyoni. "Au hakipo?"

Profesa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mheshimiwa alitabasamu, tabasamu la mtu aliyebanwa. "Ndiko ninakoelekea," alisema. Akageuza msafara.

Tuliwafuata wote, akina mama, walimu, watoto, ngoma. Tulipofika nyuma ya madarasa, yule mkubwa wa askari alipiga saluti kwa nguvu zote. Alikuwa mtiifu, namheshimu kwa hilo.

"Mheshimiwa, choo kina mtu."

"Atoke."

"Amri haijatolewa ya namna ya kutoka, Mheshimiwa."

"Atoke sasa hivi," alisema Waziri wa Kuwepo, na sauti ile ya upole ilikuwa imepanda mpaka puani. "Leteni hiyo ngazi."

Kijana wa zimamoto alikuja na ngazi begani. Akaifungua ukingoni, akasita. "Profesa, niishushe?"

Nilimwona Profesa anawaza. Nilitaka kumtia vidole machoni. Tone la kwanza la mvua lilikuwa limenidondokea mkononi, na yeye anawaza.

"Haishushwi," alisema mwishowe. "Inapandishwa, ila kwa kuanzia chini."

Kijana akaiteremsha. Akapotea mwanzo miguu, kisha kifua, kisha kofia, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na mkuu wa wilaya akatazama mawingu kwa bidii. Upande mmoja wa ukingo ulimeguka, udongo ukaporomoka, nikasikia Shufaa anapiga ukelele, na huo ndio ukelele pekee aliopiga siku ile. Halafu kofia ikatokea tena. Mwanangu alikuwa amening'inia mgongoni mwa kijana yule, amejaa tope, mguu wake umetazama kwingine.

Watu walipiga makofi. Mkuu wa itifaki alisema kwenye kipaza sauti, "Choo kiko wazi."

Nilimpokea mwanangu. Bi Zamoyoni akavunja mwiko wa ugali vipande viwili, tukaufunga mguu kwa kanga yake. Mheshimiwa alikuwa amebaki peke yake mbele ya kile choo, ametanua miguu, anatazama chini. Sijapata kumwona mtu anatazama kisichokuwepo kwa makini namna ile. Ubao ulikuwa mmoja. Kamera zilikuwa zinasubiri. Ngoma zilikuwa zinasubiri.

"Karibu, Mheshimiwa," nilisema. "Hakuna mtu tena."

Mvua ikamwangukia yote kwa mpigo, tangu kichwani hadi viatuni, na kwa kuwa suruali yake ililowa yote, hakuna anayeweza kuapa ililowa kwa maji gani. Profesa alitangaza redioni kwamba ni mvua. Mimi niliyekuwa karibu naye najua kwamba mvua haitoi mvuke.

*

Hapo ningeweza kuishia, na ninyi mngecheka mkaenda zenu. Wengi huishia hapo.

Mguu uliungwa, vibaya kidogo. Shufaa alirudi shuleni na gongo. Jioni moja nilimkuta anaongea na mtoto wa Bi Zamoyoni uani, mtoto anamuuliza mguu umefanya nini, naye anajibu bila kuinua kichwa, "Nilikawia chooni."

Nilimwita. Nikamuuliza, "Shufaa, ulianguka wapi?"

"Sikuanguka, mama. Mwalimu alituambia wote tuseme hivyo. Nilikawia chooni."

"Kulikuwa na nini mle?"

Alifikiri. Aliona nina hasira, akatafuta jibu la kunipendeza. "Vigae," alisema.

Sijui kama mmewahi kumsikia mtoto wenu akiuvua mguu wake mwenyewe uliovunjika na kuurudisha serikalini. Msiombe.

Kulipokucha tulikwenda akina mama wote na majembe na makarai. Tulijaza. Tulitia udongo, mawe, matofali aliyoyasahau mkandarasi, viti vya sherehe vilivyovunjika, na jiwe la msingi tukalitia pia maana lilikuwa zito na zuri kwa kazi hiyo. Tulishindilia mpaka watoto wakaweza kuruka kamba juu yake. Askari walitukamata tukiwa tunanawa mikono.

*

Mahakamani nilipandishwa kizimbani mimi kwa niaba ya wenzangu. Shufaa aliketi benchi la mbele karibu na Bi Zamoyoni, gongo limelala mapajani. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana nadhifu, hajazoea koti lake.

"Mshtakiwa anashtakiwa," alianza, "kwamba yeye na wenzake, bila kibali, kwa makusudi, walijaza..."

Akaitazama karatasi yake upya.

"Walijaza nini?" aliuliza hakimu.

Kijana alimtafuta Profesa Kilindo, aliyeketi safu ya nyuma kwa niaba ya Wizara. Profesa alitikisa kichwa taratibu.

"Naomba kubadilisha, Mheshimiwa Hakimu. Walibomoa choo."

"Kwa hiyo choo hakipo?"

Profesa akatikisa kichwa kwa haraka zaidi.

"Kipo, Mheshimiwa. Kipo kama kilivyokuwa. Taarifa ya Wizara inasema kwa sasa ni imara kuliko awali."

"Basi hawakubomoa kitu."

"Hawakubomoa."

"Na hawakujaza kitu."

Kijana alikuwa anatokwa na jasho. Nilimwonea huruma, ana umri mmoja na mdogo wangu wa mwisho. "Sema tu, baba," nilimwambia. "Ni neno dogo, hata mtoto analijua. Sema tulijaza nini, nami nitakubali kosa hapa hapa. Nifunge."

"Mshtakiwa anyamaze," alisema hakimu, lakini hakusema kwa ukali. Alikuwa anautazama mguu wa Shufaa. Aliutazama, akamtazama Profesa, akaigeuza kalamu yake, akaiweka. Na yeye bila shaka ana watoto. Watu wote wa Yakini wana watoto, ndivyo wanavyotushika.

"Hakuna kesi," alisema. "Mshtakiwa yuko huru. Shuka, mama, nenda nyumbani."

Nyuma yangu akina mama walianza vigelegele. Walidhani tumeshinda. Profesa naye alikuwa ameshasimama, anatabasamu, anachukua miwani yake, kwa sababu yeye pia alidhani ameshinda, na katika hao wote ni yeye aliyekuwa sahihi. Kama sikujaza kitu, mwanangu hakuanguka popote. Nilimtazama Shufaa. Alikuwa ananisubiri nishuke, tayari kunyanyuka na gongo lake, mtoto mtiifu aliyekawia chooni.

Nikashika mbao za kizimba kwa mikono miwili.

"Mama, shuka," hakimu alirudia. "Kuna wengine wanangoja. Huna kesi."

"Ninayo," nilisema, nikaketi.